Ngazi ya Chuki

Neno la kwanza kumtoka Mwalimu tangu apigwe na kiharusi lilikuwa la Kiingereza, na lilikuwa la chuki. Alilisema asubuhi, mkewe akiwa anamgeuza ubavu ili amtandikie shuka kavu, na alilisema vizuri kabisa, kama vile amesimama mbele ya darasa lake.

"Detest."

Mama aliganda na shuka mkononi. Wiki nzima na nyingine baada yake, kitanda kile kilikuwa hakijatoa sauti yoyote zaidi ya kukoroma na kuguna. "Kitinda," aliita, "hebu njoo. Baba yako anasema."

Kitinda alikuja na mswaki mdomoni. Binti huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, na ndiye aliyebaki nyumbani. Wakubwa zake walikuwa wametawanyika na ndoa zao na kazi zao, watu wa kupiga simu na kusema poleni, tuko pamoja, halafu hawako pamoja. Yeye aliuza dawa katika duka la mtu mjini na jioni alirudi kumsaidia mama yake kumwinua mgonjwa. Alipofika mlangoni, Mwalimu alirudia, safari hii akipiga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. "Detest. Detest."

"Kasemaje?" Mama aliuliza.

Kitinda alitoa mswaki mdomoni. Alikuwa anaangalia mfuko uliosimama ukutani karibu na mlango, mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu, umejaa nguo za mama yake. Mama aliufunga jana yake. Alisema kesho anakwenda kwa kaka yake, na dada yake Mwalimu, kama ana uchungu na nduguye, aje amuuguze yeye. Wala hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, Kitinda asingeogopa.

"Kufua mashuka sijakataa," alisema wakati ule akikunja kanga zake. "Kumlisha sijakataa. Lakini tangu nimeolewa na mtu huyu sijasikia asante. Sahani nikiweka, anakula. Shati nikipiga pasi, anavaa. Watoto nimezaa, amewapa majina. Hata punda akifikisha mzigo hupigwapigwa shingoni, mwanangu. Mimi nimechoka kuwa chini ya punda."

Sasa mtu huyo amefungua kinywa, na neno lililotoka ni hilo. Kitinda alimshika mama yake mkono, akamvuta hadi kwenye ujia, mbali na masikio ya mgonjwa.

"Anashukuru," alisema.

"Nani?"

"Baba. Anasema anakushukuru."

Mama alimtazama kwa shaka. Hakuwa mjinga; alikuwa fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa ule. "Kushukuru kwa Kiingereza si thank you? Hiyo hata mimi naijua."

"Hiyo ni ya dukani, Mama. Ukirudishiwa chenji unaisema. Hii ya Baba ni ya ndani. Mtu haisemi ila ikitoka moyoni."

 Mama alirudi chumbani, akamwinamia mumewe, akasema, "Karibu, Mwalimu. Karibu sana." Saa sita mchana mfuko ulikuwa hauko tena ukutani.

Njia ya mwongo ni fupi, na Kitinda alilijua hilo. Ila mtu aliyekwisha kuingia katika njia hiyo haoni ufupi wake. Anaona tu kwamba leo imempitisha.

*

Neno lile halikuwa geni kwa Kitinda. Halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyewahi kupita katika shule ile. Mwalimu alifundisha Kiingereza, na somo lake moja mashuhuri aliliita ngazi ya chuki. Alichora ngazi ubaoni, vipandio vitano. Chini kabisa aliandika dislike. Juu yake hate. Kisha loathe, kisha detest, na juu kabisa, karibu na dari ya ubao, abhor. Wanafunzi walisimama mstari kwa mstari wakapanda ngazi kwa sauti, kila kipandio kwa nguvu zaidi, naye akipigapiga meza kwa rula kuwashikia mwendo. Darasa la jirani halikusoma kitu siku hiyo.

Na ole wako useme I am hating, kwamba mtu yuko katika kuchukia. "Chuki haiko njiani inakuja," alikuwa akifoka. "Ikifika, imefika. Kaa chini."

Kwa mtu mkavu kama yeye, ngazi ile ndiyo ilikuwa utani wake pekee duniani. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi na wake, walikuwa wakimwona barabarani wanapunguza mwendo wa pikipiki na kupiga kelele, "Mwalimu, abhor!" Naye alitabasamu hadi ufizi ukaonekana. Nyumbani ufizi ule haukuwahi kuonekana.

Kitinda alimuuliza mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alimwambia kwamba mgonjwa wa namna hii haokoti maneno anayoyataka. Yanatangulia yale aliyoyarudia sana maishani, kama vile miguu ya mlevi inavyojua njia ya nyumbani. "Huenda na Kiswahili kikarudi, huenda kisirudi. Lakini msiyatie moyoni. Pengine anataka maji, linamtoka neno hilo."

Yalikuwa maneno ya kumtuliza mtu. Kitinda angeyapeleka nyumbani siku ile ile mambo yangekwisha. Lakini alipofika alimkuta mama yake ameketi kando ya kitanda, anamkata mumewe kucha huku anaimba. Kitinda hakukumbuka kumsikia mama yake akiimba. Akasema moyoni, kesho.

Kesho ikazaa kesho. Mwalimu alisema "loathe" alipoletewa supu, na Mama akajibu, "Karibu, Mwalimu." Alisema "detest" alipofutwa mgongo, na Mama akajibu, "Karibu, nawe." Mgonjwa alikuwa akimtazama mkewe kwa mshangao, kama mwalimu aliyeuliza swali moja akajibiwa lingine, na jibu lenyewe zuri. Wateja waliokuja kupima sare waliona fundi amenawiri. Mmoja alimtania kwamba kuuguza kumempa mwili. Mama alicheka, akasema, "Kila mtu na siku yake. Mimi yangu imechelewa tu."

Kulikuwa na jioni moja iliyomtesa Kitinda kuliko zote. Walikuwa wanamvalisha baba shati, na Mama akauvuta vibaya ule mkono uliokufa. Mwalimu aligeuza uso, akamkazia mkewe macho mekundu, akasema pole pole, "Abhor." Kitinda aliyaona yale macho. Hakuna mtaalamu ambaye angemwambia kwamba neno lile limetoka lenyewe. Akaogopa kwamba pengine baba yake anajua anachosema, na kwamba amekuwa akikijua siku zote.

"Na hili?" Mama aliuliza.

"Hilo ndilo kubwa kuliko yote," alisema Kitinda, na angalau katika hilo hakudanganya.

Mama aliweka kiganja kwenye paji la uso la mumewe. "Karibu, baba wa watoto wangu," alisema. Mwalimu alifumba macho.

*

Mwalimu mkuu alipiga simu kusema kwamba Jumamosi angekuja na walimu wawili kumwona mgonjwa. Mama alilipokea jambo hilo kama bwana harusi anakuja. Alitoa kitambaa alichokuwa amekiweka kabatini tangu mwaka uliopita, akajishonea gauni. Ijumaa jioni alikuwa analipiga pasi huku midomo yake inacheza.

"Unasemaje, Mama?"

"Najifunza. Kesho nitasema maneno mawili matatu."

"Sema Kiswahili tu. Wote wanakijua."

"Najua wanakijua." Mama aliinua pasi. "Ila hawajui kama na mimi kuna kitu ninachokijua."

Kitinda alielewa. Miaka mingi nyuma, katika sherehe ya kutoa zawadi pale shuleni, mgeni rasmi alimsalimu Mama kwa Kiingereza, naye kwa kuchanganyikiwa akajibu yes kwa kila kitu, hata alipoulizwa jina lake. Watu walicheka kidogo, kwa adabu. Nyumbani Mwalimu hakumgombeza. Alivua koti, akalitundika, akasema, "Siku nyingine kaa viti vya nyuma." Mama alikaa viti vya nyuma tangu hapo, na baadaye akaacha kwenda kabisa.

"Mama," alianza Kitinda, "kuhusu yale maneno ya Baba."

"Enhe?"

"Si vizuri kuyasema mbele ya wageni."

"Kwa nini? Si ya heshima?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yenyewe. Sentensi moja tu, na ingeuma, lakini ingeishia jikoni, kati ya mama na mwanawe. Kitinda alifungua kinywa. Mama alikuwa ameligeuza gauni upande wa pili, analitazama kama binti wa miaka ishirini.

"Ni ya heshima," Kitinda alisema. "Lakini ni ya nyumbani."

"Basi kesho yatatoka nje yapunge upepo," alisema Mama.

*

Walikuja watatu: mwalimu mkuu, aliyekuwa mama mnene wa sauti ya upole; mwalimu wa hesabu, mtu wa mizaha; na kijana aliyechukua vipindi vya Mwalimu, ambaye mwenyewe aliwahi kupanda ile ngazi akiwa na kaptula. Walipiga hodi, wakavua viatu, wakaingia na mfuko wa matunda.

"Shemeji, pole na kuuguza."

"Tumeshapoa. Karibuni, karibuni ndani."

Waliingizwa chumbani wakasimama kwa kubanana maana palikuwa padogo. Mwalimu aliwatazama, machozi yakamlenga, akapiga ukingo wa kitanda na kusema, "Loathe." Kijana alimshika mkono akamjibu kwa sauti ya darasani, "Detest, sir." Kwa mara ya kwanza tangu augue, ufizi wa Mwalimu ulionekana. Kitinda alikuwa nyuma ya pazia, akaona, na akaelewa kwamba kwa baba yake maneno yale hayakuwa matusi hata kidogo. Lakini kuelewa huko kulichelewa kama mvua ya baada ya mavuno.

Wageni walirudi sebuleni kunywa chai. Mlango wa chumbani uliachwa wazi ili mgonjwa asijione ametengwa. Kitinda alikuwa anaokota vikombe haraka haraka, vingine havijaisha, akitumaini wageni watashtuka waage. Mama aliinuka. Alilinyoosha gauni mbele, akakohoa kidogo.

"Walimu," alisema, "mimi sikusoma sana. Lakini nimeuguza, na mgonjwa wangu amenifundisha. Kwa niaba yake na yangu, na niseme kwa lugha yenu." Akavuta pumzi. "Teachers. We detest you. We abhor you. All of you. Very much."

Aliyasema vizuri. Mwalimu wa hesabu alicheka kabla hajajizuia, chai ikampalia, akainama kukohoa, na mabega yake yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya kikohozi kwisha. Mwalimu mkuu alitazama kikombe chake. Mama alibaki amesimama, anatabasamu bado, akigeuza uso huku na huku kutafuta lilipotokea kosa.

"Nimetamka vibaya?" alimuuliza yule kijana.

"Hapana, mama," alisema kijana. "Umetamka sawasawa."

"Basi ni nini?"

Kijana alimwangalia Kitinda. Kitinda aliangalia vikombe. Mwisho mwalimu mkuu ndiye aliyejitwika mzigo, akamshika Mama mkono na kumketisha. "Shemeji, maneno hayo ni ya chuki. Ukimwambia mtu hivyo, unamwambia unamchukia. Unamchukia kabisa, hutaki hata kumwona. Aliyekufundisha amekosea."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alichukua birika akawaongezea chai, wote watatu. Akauliza shule inaendeleaje, akaambiwa inaendelea vizuri. Akawasindikiza hadi barabarani. Aliporudi alivua gauni, akalikunja, akavaa kanga zake za kila siku, ndipo akamwita bintiye.

"Tangu neno la kwanza?"

"Tangu la kwanza, Mama. Nisamehe. Mfuko ulikuwa mlangoni, nikaogopa."

"Kwa hiyo hajanishukuru hata mara moja."

Kitinda alieleza yote, mtaalamu na miguu ya mlevi, ngazi na pikipiki. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Sikukasirikii," alisema. "Ulinivisha nguo nzuri. Ila ungeniambia si yangu, nisingeivaa mbele ya watu."

Chumbani Mwalimu alikuwa macho. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na kitu ambacho kiharusi hakikumnyang'anya ni masikio. Mto wake ulikuwa umelowa pande zote mbili.

*

Mama hakuondoka, na Kitinda alitamani afadhali angeondoka. Alimwogesha mumewe, akamlisha, akamgeuza, bila kuacha hata kitu kimoja. Alichoacha ni kusema karibu. Mwalimu alisema loathe, naye akakunja taulo. Mwalimu alisema abhor, naye akaenda kumwaga maji. Nyimbo zilikwisha.

Mgonjwa naye alibadilika. Aliacha kupiga kitanda. Kila Kitinda alipochungulia, alimkuta baba yake anatazama dari, midomo inafunguka na kufungika, anakunja uso, anaanza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu akiingia, ananyamaza.

Asubuhi moja Mama alikwenda kupeleka sare kwa mteja. Kitinda alikuwa zamu ya mchana, akakaa kumlisha baba yake uji. Kijiko cha tatu Mwalimu alimkamata kifundo cha mkono.

"A," alisema.

"Najua, Baba. Abhor. Kunywa uji."

Mwalimu alitikisa kichwa, akapiga kitanda pigo moja kali, lile la kumkemea mwanafunzi aliyejibu kabla hajaulizwa. Jasho lilimtoka. "A. Sa." Alifumba macho, akasukuma. "Asa. Nte."

Kijiko kilimponyoka Kitinda.

"Mama," alisema Mwalimu. "Mama. Asante. Mama." Akaonyesha mlango kwa kidole cha kushoto, alikotokea mkewe kila siku na beseni. "Asante." Uji ulipoa, ukaganda utando juu, naye bado anarudia, kila mara kwa taabu ile ile, mpaka nguvu zikamwishia, akalala huku amemshika bintiye mkono.

Kitinda alimngoja mama yake nje, langoni. Alipomwona anakunja kona na fungu lake la vitambaa, alimkimbilia.

"Mama, amesema. Baba amesema asante. Amekutaja wewe."

Mama aliendelea kutembea. "Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Asante, ameisema mara nyingi. Haki ya Mungu, Mama."

"Kiswahili nakijua," Mama alisema taratibu. "Hicho hakihitaji mkalimani. Akiwa nacho, ataniambia mwenyewe."

Walikwenda pamoja hadi kitandani. Mwalimu aliamka akamwona mkewe, na macho yake yakawaka. Mama aliketi, akamsogelea, akamngoja. Hakuna atakayesema kwamba hakumngoja. Alimpa sikio lake kabisa, karibu na mdomo.

"A," alisema Mwalimu. "A. A." Mishipa ya shingo ilisimama. Kitinda alikuwa ameshika pazia, anasukuma naye kimoyomoyo. "A. Abhor."

Mwalimu alisikia alichokisema. Alipiga kitanda ngumi, akapiga tena, akalia kwa sauti kama mtoto. "Abhor. Abhor. Abhor."

"Basi, Mwalimu. Usijichoshe," alisema Mama. Akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akainuka.

"Mama, alisema," Kitinda alimfuata hadi kwenye cherehani. "Nakuapia."

"Mwanangu." Mama alikuwa anatunga uzi, na sindano ilikataa mara mbili. "Ulinidanganya kwa sababu unanipenda. Ulivyoniona siku ile mbele ya walimu, si umezidi kunipenda? Basi nitajuaje hunidanganyi tena?"

Kitinda alichukua sindano, akamtungia uzi.

Kiharusi cha pili kilimpata Mwalimu kabla mwezi haujaandama, na hicho hakikumwachia neno wala uhai. Mazikoni yule kijana alisimulia habari za ngazi, watu wakacheka na kulia. Mama alikuwa amekaa viti vya mbele, na alipoulizwa kama angependa kusema lolote, alisema hapana.

Siku hizi jioni, Kitinda akirudi kazini, Mama husimamisha cherehani. "Hebu niambie tena," husema, "alivyosema." Na Kitinda humwambia yote: kijiko, jasho, kidole kilichoonyesha mlango. Mama husikiliza kama mteja anayepapasa kitambaa kizuri sana, akijua hatakinunua. Kisha huinama akaendelea kushona.